Tope linapoelea msimu wa kaskazi

Mtambo mdogo wa majitaka wa hoteli ya ufukweni Bagamoyo haulali kwa baridi. Hata Julai, kusi likivuma, majitaka hayashuki chini ya nyuzi 20. Kasheshe huja Januari hadi Machi: mabonge ya tope la kahawia yanaibuka kwenye tangi la kutuamisha na kutoka na maji yaliyokwisha kusafishwa.

Fundi wengi hukimbilia kuongeza hewa. Hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Kwenye joto la nyuzi 28 au 30, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitreti huzaliana upesi mno, hata tope wanamoishi likidumu mtamboni siku tatu au nne tu linawatosha. Tope likikaa chini ya tangi la kutuamisha, oksijeni inakwisha, bakteria wengine wanaivuta ile ya kwenye nitreti, na gesi ya naitrojeni inayobaki inainua tope juu.

Hakikisha kwanza. Chota lita moja kutoka tangi la hewa, lile linalopuliziwa hewa na pampu, liache litulie dakika 30, kisha lisubiri saa moja au mbili. Tope likipanda na viputo, kisha likikorogwa taratibu likazama tena, ni gesi. Lisipozama, tafuta mafuta ya jikoni.

Dawa ya kwanza ni kulirudisha tope haraka kwenye tangi la hewa, na kukwangua pembe za tangi la kutuamisha linapoganda. Ya pili, punguza umri wake: toa tope la ziada kidogo kidogo kila siku, si lori zima kwa mkupuo. Ya tatu, zima pampu ya hewa kwa vipindi, tuseme saa moja kila baada ya saa mbili, ili nitreti iishie humo humo kwenye tangi la hewa. Kichanganyio kiendelee kuzunguka. Kama hakipo, fupisha kipindi.

Ikiwaka, pampu iwe na nguvu ya kutosha. Maji yasiyo na chumvi hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini 7.6 tu kwenye nyuzi 30, na maji ya kisima chenye chumvi hubeba pungufu ya hapo. Lenga miligramu 2 ndani ya tangi. Na kile kibanda cha pampu kilichozibwa pande zote kifunguliwe madirisha, maana hewa ya moto ni nyepesi na pampu inasukuma oksijeni kidogo.