Marafa kabla ya magharibi

Tuliondoka Malindi baada ya swala ya adhuhuri, saa ambayo mwenye akili zake huwa amejilaza. Ndivyo alivyotaka Ami. Yeye ni mchoraji, na kwa miaka mingi hachori ila ardhi kavu. Majahazi, milango ya Lamu, akina mama wa buibui, vyote hivyo vinavyonunuliwa na watalii amewaachia wenzake. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaiacha barabara ya Garsen na kukata kushoto, Marikebuni, Magarini, mpaka Marafa. Vumbi jekundu lilituingia hadi masikioni. Kuhusu njia sina zaidi.

Korongo la Marafa Wagiriama huliita Nyari. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mara nchi inakatika miguuni pako. Chini kuna minara ya mchanga ulioshikamana, imechongwa na mvua na upepo, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, waridi, rangi ya machungwa, nyekundu iliyoiva. Kijana aliyetutembeza alitupa hadithi ya wenyeji: palikuwa na matajiri waliooga maziwa ya ng'ombe, Mungu akawadidimiza na mji wao. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Wenye elimu ya miamba watasema ni madini ya chuma yaliyoshika kutu. Jangwa hasa si hapa, maana kijiji na mashamba yake viko karibu tu, lakini ukishuka ndani ya korongo utasahau kama kuna shamba lolote duniani.

Jua lilikuwa utosini na korongo zima limepauka. Ami hakufungua hata mkoba wake.

"Saa hizi hakuna cha kuchora, mwanangu. Kaa."

Tukakaa kivulini, naye akaanza habari za Albert Namatjira, kama anavyofanya kila akikosa kazi. Huyu alikuwa mchoraji Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa kabila la Arrernte, alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Hermannsburg, katikati ya nchi hiyo. Mwaka 1936 mchoraji mmoja mgeni, Rex Battarbee, alihitaji mtu wa kumwongozea ngamia jangwani. Namatjira akakubali, malipo yake yawe kufundishwa rangi za maji. Miezi miwili ikatosha. Mwaka 1938 akafanya maonyesho Melbourne, picha zote zikanunuliwa.

Mimi nikamtaja Georgia O'Keeffe, Mmarekani aliyechora vilima vyekundu vya New Mexico, aliyekuwa akigeuza kiti cha mbele cha gari lake la Ford ili achorie humo humo, jua lisimle. Ami akatikisa kichwa. Anamheshimu, lakini O'Keeffe alilifuata jangwa. Namatjira alikuwa wa pale pale. Nami nadhani amesema kweli.

Saa kumi na nusu akasimama ghafla. Alilowesha karatasi pande zote mbili, akailaza juu ya ubao ikanata bila gundi. Rangi za maji kwenye joto ni mbio: unapaka anga, na kabla brashi haijafika upande wa pili, ulikoanzia kumeshakauka na kuacha ukingo kama doa la chai kwenye kanzu. Ndiyo maana ya kulowesha. Kisha akaanza na vivuli. Hakugusa nyeusi hata kidogo. Alichanganya buluu na wekundu wa udongo, ikatoka zambarau iliyofifia, akaipitisha ubavuni mwa mnara mmoja. Upande wa jua akauacha karatasi tupu. Nilipotazama tena korongo, kweli, kivuli kilikuwa zambarau. Nilikuwa nimekitazama mchana kutwa bila kukiona.

Mtalii mmoja Mwitaliano alisimama nyuma yetu hadi mwisho. Aliitaka picha, na bei hawakugombania sana. Kisha akaongeza: je, aweza kuichapisha kwenye fulana za kuuza? Angelipa zaidi.

Ami akakataa, na najua kwa nini. Namatjira alipewa uraia kamili mwaka 1957, wakati Waaborijini wenzake hawakuwa nao. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo kwa kumpatia pombe jamaa yake ambaye sheria ilimkataza, na mwaka 1959 akafa, na miaka 57 tu. Mwaka 1983 haki za kunakili kazi zake ziliuzwa kwa kampuni ya uchapishaji kwa dola 8,500 za Australia, familia haikuulizwa. Zimerudi kwao mwaka 2017, wajukuu wakiwa watu wazima.

Basi akaigeuza karatasi na kuandika nyuma kwa kalamu ya wino, Kiswahili na Kitaliano, kwamba picha imeuzwa na haki ya kuinakili haikuuzwa. Mwitaliano akasoma mara mbili, akacheka, akalipa. Ami akahesabu noti, akauliza kama kuna mwenye maji ya kunywa.