Jiwe la kaburi alilolitaka John Adams

Jumapili, usiku

Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, nami nimeshinda na barua za John Adams, rais wa pili wa Marekani. Kuna moja nimeirudia mara tatu. Aliiandika mwaka 1815, mzee wa miaka 79, akiwa kwake Quincy. Anamwambia James Lloyd, aliyewahi kuwa seneta, kwamba kaburi lake halihitaji maandishi mengine ila haya: hapa amelala John Adams, aliyejitwika dhamana ya amani na Ufaransa mwaka 1800.

Urais hakuutaja. Hata uhuru wa 1776, alioutetea kwa nguvu zote, hakuutaja.

Mwaka 1797 alituma wajumbe watatu Paris kutafuta suluhu, maana Wafaransa walikuwa wakikamata merikebu za biashara za Marekani. Mawakala wa Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, wakadai hongo kwanza, pauni 50,000, na mkopo mkubwa juu yake. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1798, nchi iliwaka. Wizara ya Jeshi la Majini ikaundwa, manowari zikapigana baharini bila vita kutangazwa, na Adams akapendwa kuliko wakati wowote. Angetaka vita kamili, wengi wangemshangilia.

Februari 1799, bila kuwashauri mawaziri wake, akapeleka Seneti jina la William Vans Murray awe mjumbe wa amani. Chama chake, cha Federalist, kikamgeuka, na wajumbe wengine wawili wakaongezwa. Oktoba, mjini Trenton, Alexander Hamilton, kigogo wa chama hicho, alimsihi asiwaruhusu wajumbe waondoke. Hakukubali; wakasafiri.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo ambamo kila mtu alitaka ugomvi, nikanyamaza. Ndiyo maana ukurasa huu umenigusa.

Simfanyi malaika. Mwaka huohuo wa 1798 alitia saini sheria iliyowapeleka jela waandishi walioikosoa serikali, na doa hilo silifuti.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Mortefontaine, Ufaransa, mwishoni mwa Septemba 1800. Habari zilivuka bahari polepole, na uchaguzi haukuzingoja: Adams alipata kura 65 za wajumbe wa uchaguzi, na wapinzani wake Thomas Jefferson na Aaron Burr 73 kila mmoja. Alfajiri ya 4 Machi 1801, kabla Jefferson hajaapishwa kuwa rais, alipanda gari la farasi kurudi Quincy.

Barua ile aliiandika karibu miaka 14 baadaye, na bado hakuijutia amani yake.