Jioni Simu Ilipopoteza Sauti

Nilipomaliza shule nilikuwa na Kiingereza cha ajabu kidogo. Niliweza kueleza, kwa aya zilizopangika, namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na niliweza kuandika barua ya kuomba kazi isiyo na kosa la kisarufi, lakini sikujua mfuniko wa sufuria unaitwaje, wala upawa, wala kizoleo cha taka. Hakuna mtihani uliowahi kuniuliza habari za kizoleo. Kila kitu kilichokuwa karibu na mkono wangu kilikuwa na jina moja tu, "thing", na nililitumia kwa ujasiri mkubwa.

Tiba niliyojiandikia ilikuwa video. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado mwanafunzi, alikuwa amevumbua mtandaoni hazina ya video za kuchekesha kuhusu vifaa vya ajabu, nyingi zikionyesha vitu ambavyo Wajapani huviita chindogu. Jina hilo lilienezwa na mvumbuzi wa Kijapani, Kenji Kawakami, na maana yake ni kifaa cha ajabu: kinatatua tatizo dogo kwa kuzua jingine kubwa zaidi. Kwa mujibu wa kanuni zake kumi, kifaa cha namna hiyo lazima kiwepo kweli na mtu aweze kukishika, ila kisiuzwe. Tuliona miavuli midogo ya kukinga ncha za viatu wakati wa mvua, na kofia yenye bunda la karatasi ya chooni kwa ajili ya mtu ambaye mafua hayamwachi. Mdogo wangu alikipenda zaidi ya vyote kivazi cha mtoto anayetambaa, kilichoshonewa nyuzi za dekio tumboni na miguuni, ili mtoto asafishe sakafu kwa safari zake mwenyewe. Tulifanya hivyo kila jioni kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa tulicheka pale palipostahili kucheka, niliamini kwamba ninajifunza.

Jioni ninayoikumbuka, spika ya simu ilikufa katikati ya video. Picha iliendelea, sauti ikatoweka, na hatukuwa na visikizi. Video yenyewe ilikuwa imeutia mwendo mchoro mmoja wa mwaka 1931 wa mchora katuni wa Marekani, Rube Goldberg, ambaye mitambo yake ya kufanya jambo jepesi kwa njia ndefu ilipata umaarufu kiasi kwamba jina lake liliingizwa katika kamusi kama kivumishi. Mchoro unamwonyesha bwana mmoja anakunywa supu, naye amevaa kichwani mtambo mzima ambao kazi yake ni kumpangusa mdomo.

"Basi tusimulie wewe, Kaka," mdogo wangu akaniambia. "Si ndiye unayejua Kiingereza?"

Nilikubali bila wasiwasi, kisha nikakwama kwenye kijiko. Bwana yule alikuwa anainua kijiko, nami nikasema kwamba anakibeba, "carries", neno lililonifanya nimwone anakipeleka safari ya mbali. Kile kijiko kilivuta kitu, na kitu hicho ndicho kilichonishinda kabisa, kwa sababu hakikuwa uzi, ambao nilijua ni "thread", wala hakikuwa kamba, ambayo nilijua ni "rope". Kilikuwa katikati ya viwili hivyo. Nilisimamisha video na kufungua kamusi, nikapata "string", na mbele yake, kwa Kiswahili, neno "ugwe". Ninakiri kwamba nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo maishani mwangu. Nilikwenda kutafuta Kiingereza nikarudi na Kiswahili, na hadi leo siwezi kutaja ugwe bila kumwona yule bwana na supu yake.

Tuliendelea hatua kwa hatua, tukirudisha nyuma kila tuliposhindwa. Ugwe uliushtua upawa, upawa ukarusha biskuti, kasuku akairukia biskuti, na kijiti alichokuwa ametulia juu yake kikainama upande mmoja. Hapo nilisema kwamba kijiti kimelala, "the stick is sleeping", na mdogo wangu akacheka zaidi ya alivyowahi kuchekeshwa na video yoyote. Neno lililotakiwa lilikuwa "tilts". Mbegu zikamwagikia ndani ya ndoo, uzito wa ndoo ukavuta ugwe mwingine, kiwashio kikafunguka na kuwaka, fataki ikaruka, mundu ukakata ugwe wa tatu, na hatimaye kitambaa kikaanza kubembea huku na huko mbele ya kidevu. Niliandika vitenzi hivyo pembezoni mwa daftari: kuinua, kuvuta, kurusha, kukata, kubembea, kupangusa. Vyote ni vitenzi ambavyo mtoto wa miaka mitatu anavyo katika lugha yake, na mimi, mwenye cheti, nilihitaji karibu saa nzima kuvipata katika lugha niliyofanyia mitihani yangu yote.

Wakati huo ndipo nilipoelewa ubora wa mitambo ile kwa mtu anayesaka maneno. Kifaa cha kawaida hufanya kazi yake kimya, nawe hulazimiki kukitaja. Unafungua bomba, maji yanatoka, yamekwisha. Mtambo wa kipuuzi haukuruhusu kuruka hatua. Ukikosa kitenzi kimoja, kasuku hapati biskuti na mdomo wa bwana yule unabaki na supu. Kwa wiki zote zilizotangulia msimulizi ndiye aliyekuwa akinifanyia kazi hiyo, nami nilikuwa nikimlipa kwa kicheko.

Tuliporudia usimulizi kwa mara ya mwisho, mdogo wangu aliamua kwamba maneno matupu hayatoshi, akasimama ili aigize kasuku. Alirukia biskuti isiyokuwepo, na mguu wake ukapiga bilauri ya maji niliyokuwa nimeiweka sakafuni kando ya daftari.

"You poured the water!" nikamkaripia.

"Hapana, Kaka. 'Pour' ni kumimina. Mimi nimemimina?"

Alikuwa na haki. Nikatazama daftari lililoanza kulowa, nikakumbuka mbegu na ndoo, nikajirekebisha: "You spilled the water."

Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwa utulivu wa wakili: "The water spilled."

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, nikashindwa. Kwa Kiswahili asingeweza kunikwepa kirahisi hivyo, kwa kuwa kumwaga ni kumwaga na kumwagika ni kumwagika; kiambishi kimoja humtoa mtenda na kuyaacha maji peke yao, na kila msikilizaji hutambua kwamba kuna mtu amejificha. Kiingereza kilimpa kitenzi kilekile bila kukigusa, akabadilisha mpangilio wa maneno tu, na kosa likayahamia maji. Niliichunguza sentensi yake nikitafuta dosari ya kisarufi, naye alikuwa amesimama palepale akisubiri hukumu, mguu mmoja bado juu kama kasuku.

Nilienda kuchukua dekio na ndoo. Aliniuliza kwa Kiingereza ninachokifanya kinaitwaje, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ninapiga deki, na kwamba angeweza kusogeza miguu.