Nilivyoifundisha saa yangu ijue nikianza kushtuka, ikanichezea akili

Jamani, mtu akikwambia "we weka tu nyuro netiweki kubwa, itajua yenyewe" (ni aina ya programu inayojifunza kwa mifano), mkimbie. Mi nilimsikiliza mmoja wa hivyo, nikapoteza kama miezi miwili.

Nina PTSD, yaani ile hali ya akili kubaki na mshtuko baada ya tukio la kutisha, ilinianza baada ya ajali ya gari. Breki ikilia huko nje moyo unaenda mbio na mimi nimekaa zangu kwenye kiti, usiku ndo usiseme. Sasa kazi yangu ni programu, nikasema hii saa ninayovaa kutwa inahesabu mapigo, kwa nini isijue mambo yakianza? Data nikaitoa, hiyo sio ishu. Alama nikawa naweka mwenyewe, kila nikishtuka nagonga kioo cha saa mara mbili ili modeli, yaani hiyo programu inayojifunza, ijue hapa jamaa alikuwa na hali.

Kupima, asilimia 98! Nikacheka peke yangu, nikaanza na kutamba kwa washkaji. Halafu siku moja naosha vyombo, niko shwari kabisa, saa inatetemeka: umeshtuka. Nafungua mlango, umeshtuka. Nikakaa chini nikaipekua data sekunde kwa sekunde, kumbe bwana modeli haina habari kabisa na moyo wangu! Ili nigonge kioo lazima nikunje mkono saa inielekee, na sensa ya mwendo inauona huo mkunjo, basi yenyewe ikakariri mkunjo. Yaani nilitengeneza mashine ya kumtambua mtu anayegonga saa. Washkaji mpaka leo wananiita fundi saa.

Dawa yake nikazifuta dakika mbili za kabla ya kugonga, nikabakiza zile za mapema zaidi ya hapo. Na siku za kufundishia nikaziweka mbali na za kupimia, maana dakika zinazofuatana ni mapacha, ukizichanganya modeli inaibia mtihani. Modeli nikachukua ndogo tu ya miti ya maamuzi, yaani inayoamua kwa maswali ya ndiyo au hapana. Ujanja wenyewe ukawa huu: mapigo yamepanda, hatua je? Kama miguu imetulia na moyo unakimbia, na ile tofauti ya muda kati ya pigo na pigo imepungua, hapo kuna jambo. Ah, na kaza mkanda, kile kitaa cha kijani kinasoma damu kupitia ngozi, saa ikilegea kinasoma upuuzi.

Sasa hivi nikishtuka mara kumi inakamata kama sita. Asilimia kubwa zisikubabaishe, hali zenyewe ni dakika chache kwa siku, modeli inayosema "hamna kitu" kutwa nzima nayo inapata zaidi ya 95.

Grafu nikampelekea mtaalamu wangu, nategemea sifa. Akanipa PCL-5 kama kawaida, ile fomu ya kupima dalili za PTSD, maswali 20, nijaze kwa kalamu, eti saa inajua moyo umepanda ila haijui kwa nini, hata kahawa inaupandisha. Nikanuna kidogo. Narudisha karatasi namkuta kaweka kidole kwenye grafu, saa tisa na robo usiku, mapigo yanatoka 58 yanaruka mpaka 104, hatua sifuri. Siku nne kwenye wiki moja.

Na mi wiki zote hizo nilikuwa namwambia nalala vizuri tu.