Soksi nyekundu ndani ya shati jeupe

Soksi moja mpya ilijificha ndani ya mkono wa shati langu jeupe. Mashine ilipozima, nikatoa shati la waridi! Nusura nilianike, kumbe rangi ikishakauka, na pasi ikapita juu, huganda kabisa. Nikaliloweka likiwa bado bichi, usiku kucha, kwenye maji ya vuguvugu yenye dawa ya madoa ya oksijeni, si ile ya klorini inayonuka. Nikalifua tena peke yake. Likatakata, ila kola ina kivuli kidogo mpaka leo.

Sasa nguo mpya ya rangi kali nailowesha upindo wa ndani na kuusugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, inafuliwa peke yake, maji baridi. Na mikono ya mashati naikung'uta kwanza.