Sare za Januari: kumbukumbu ya mradi wa kikundi chetu, Kirumba, Mwanza

Jumapili 24 Novemba 2024

Kikao cha leo kimeenda mpaka giza linaingia na sababu ni moja tu, pilau. Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na mbili kikundi chetu tunachangaga hela, tunanunua mchele, mafuta, sukari na sabuni za mche, tunakodi Noah, tunaenda kituo cha watoto, tunapika, tunapiga picha na keki, tunarudi home tumechoka na furaha zetu. Leo katibu kasimama akasema jamani mi nimeongea na mama mlezi wa pale, wiki ya Krismasi wageni wanapishana mlangoni, keki zinabaki mpaka wanagawa kwa majirani, ila Januari simu haiiti hata moja.

Kimya. Halafu kelele. Kuna wajumbe wanaona Krismasi bila pilau sio msaada ni semina.

Mzee wetu mstaafu, ambaye ujanani alizunguka sana na watu wa Rotary, ndo kaokoa kikao. Akasema nyie mnajua hivi vilabu vya kujitolea vilianzaje? Wakili mmoja pale Chicago, Paul Harris, mwaka 1905, na wenzake watatu, wakawa wanakutana kwa zamu kwenye ofisi zao, leo kwako kesho kwangu, na jina la Rotary limetokana na huko kuzunguka. Na kazi yao ya kwanza ya jamii mnaijua? Mwaka 1907 walisukuma mpaka mji ukapata choo cha umma. Choo! Watu wakacheka sana, mmoja akauliza mzee sasa hapo picha walipigia wapi.

Lakini ujumbe ulifika. Tumekubaliana mwaka huu hela yote inaenda kwenye sare za shule za msingi, tushone wenyewe ndani ya Desemba, zitoke kabla shule hazijafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilishafutwa sawa, ila shati, kaptula, sketi, viatu, begi na madaftari ni juu ya mzazi, na vyote vinadaiwa mwezi ule ule ambao kila mtu kashamaliza hela kwenye sikukuu. Mafundi cherehani tunao watatu ndani ya kikundi (mimi ni nusu fundi, naweza kaptula, shati bado naogopa kola), kwahiyo ufundi ni bure, tatizo kitambaa.

Wapenda pilau wamepewa haki yao: watachanga pembeni, wapike wenyewe, tule wenyewe.

Jumapili 8 Desemba

Hela. Nlikuwa nasoma juu ya lile Jeshi la Wokovu, kwamba ule mtindo wao wa vyungu vya sadaka vya Krismasi ulianzia San Francisco 1891, ofisa wao mmoja, Joseph McFee, aliweka chungu pale watu wanaposhuka kwenye kivuko ili apate hela ya kulisha maskini siku ya Krismasi. Nikawaza sisi watu wa vivuko tunashindwaje? Nikapendekeza ndoo. Mwenyekiti akasema ndoo pale kivuko cha Kamanga itataka vibali na barua mpaka Pasaka, twende soko la samaki la Mwaloni tunakojulikana.

Na Mwaloni hawakutupa hela, walitupa dagaa!

Nieleze kidogo maana hii ndo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Tulienda asubuhi, mvua ya usiku imeacha matope, tukaanza na mama mmoja anauza jumla, nikamwamkia shikamoo mama, nikajieleza mradi wote, sare, Januari, watoto wa wavuvi na wabeba mizigo, akanisikiliza huku anapembua. Akasema, "Mwanangu, hela yangu yote iko kwenye hayo magunia unayoyaona. Ila lete ndoo yako." Akachukua sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, akapima moja imejaa mpaka kichuguu, akamwaga. Akamgeukia jirani yake, "Na wewe mama usijifanye husikii, hao watoto kesho si ndo watakuja kukubebea mzigo." Jirani naye sado. Wa tatu akatoa nusu sado ila wa chanja (walioanikwa juu), sio wa mchanga (walioanikwa chini), na akasisitiza tusimchanganyie na wale wengine maana wake wana bei yao. Kwahiyo tukawa na mifuko miwili, wa chanja na wa mchanga, tunatembea meza kwa meza kama watoza ushuru.

Mvua za vuli zimewabana kweli hawa wamama. Dagaa asipopata jua siku ya kwanza anaanza kunuka na anakatika katika, anaishia kuwa chakula cha kuku, na bei ya chakula cha kuku ni kilio. Kwahiyo kutoa dagaa mkavu mwezi huu ni kutoa kitu cha maana, tusichukulie poa. Mjumbe wetu mwenye genge kule Buhongwa kazichukua zote kauza kwa sado hiyo hiyo, hela ikaingia kwa mweka hazina siku ya pili yake.

Jumatano 11 Desemba

Tumenunua kitambaa mjini. Tetroni nyeupe ya mashati na bluu iliyoiva ya kaptula na sketi, jora zima zima maana ukinunua jora bei inashuka. Muuzaji wa kwanza alitaka kutupa nyeupe nyepesi ile ukiweka mkono nyuma unahesabu vidole, fundi wetu mkuu akaishika, akaikunja, akairudisha mezani bila neno. Wa pili tukaelewana.

Inauma kidogo ukifikiria. Kanda ya ziwa ndo kwenye pamba, timu ya mpira ya jiji inaitwa Pamba, kiwanda cha nguo cha Mwatex kilikuwa hapa hapa, halafu jora tulilobeba begani limeandikwa maandishi ya kichina. Haya tuendelee.

Jumapili 15 Desemba

Siku ya vipimo, na tumeipanga leo makusudi. Dagaa anavuliwa kwa taa, zamani karabai sa hivi ni taa za sola, na taa inafanya kazi usiku wa giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, kwahiyo wavuvi wanarudi kulala nyumbani mpaka mwezi ufifie. Leo mwezi ni mpevu. Maana yake baba yuko nyumbani, mama yuko nyumbani, mtoto hajaachiwa bibi. Ukiita vipimo wakati wa giza utapata nusu ya watu.

Majina tulipewa na mwenyekiti wa mtaa, huyu mpya wa uchaguzi wa juzi tarehe 27 Novemba, bado ana moto. Orodha yake ilikuwa ndefu kuliko kitambaa ikabidi tukae na walimu wawili wa mtaani waipunguze, kwanza darasa la kwanza wanaoanza, halafu wenye sare zilizochanika kabisa. Kidato cha kwanza tumewaacha. Wameomba sana na majina yao yanatoka wakati huu huu, lakini kila sekondari ina rangi yake, huyu kijani huyu maruni huyu kijivu, huwezi kununua jora kwa mtoto mmoja. Msingi ni bluu na nyeupe, basi.

Watoto wa miaka sita kuwapima ni kazi! Ukimwambia simama wima anavuta pumzi kifua kinajaa, ukiandika hicho kipimo shati litamvaa yeye na mdogo wake. Mmoja kagoma kutoa fulana mpaka fundi akakubali kupimwa yeye kwanza, mtoto akashika tepu, akamzungushia fundi kiunoni akatangaza "mia!", umati ukaanguka.

Jumapili 22 Desemba

Wiki ya cherehani. Tunashonea barazani kwa fundi mkuu, vyerehani vya miguu vinne, viwili vya kuazima, na ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa) ya kukodi ya umeme. Cherehani ya mguu haina neno, umeme ukatike usikatike inaenda. Ovaloki ndo imetutesa, umeme umekatika Alhamisi mchana mpaka usiku na bila ovaloki kingo zinafumuka kwenye kufua kwa kwanza, kwahiyo kaptula zimekaa kwenye kamba zinasubiri, na huku kukodi kunahesabiwa kwa siku, sio kwa umeme.

Sketi za marinda zimezua mjadala mwingine. Marinda yakilaliana vizuri yanakula kitambaa karibu mara tatu ya kiuno, yani kwa kiuno cha mtoto mdogo tu unamwaga mita nzima na zaidi. Vijana wakasema tupunguze, tuweke rinda mbili mbele mbili nyuma. Fundi mkuu hakujibu, akachukua sketi ya mfano ya rinda chache akamvalisha mjukuu wake akamwambia ruka kamba. Rukaruka mbili mshono wa pembeni ukalia. Akasema mtoto wa kike naye anacheza. Marinda yakabaki.

Na pindo. Hapa ndo nimejifunza kitu. Kaptula za dukani unakuta pindo nusu inchi, Septemba mtoto karefuka na nguo imeisha kazi. Fundi mkuu kila kaptula na kila sketi anaacha pindo la inchi mbili na zaidi, analilaza kwa ndani, halafu hashonei mshono wa cherehani, anatia kwa mkono nyuzi ndefu ndefu ambazo mama yeyote mwenye wembe anafumua kwa dakika, anashusha, anatia tena. Kiunoni lastiki nyuma tu, mbele bapa, ili mtoto akinenepa ivutike na ikionekana kwa mbele iwe safi. Nguo moja miaka miwili kama hajaipeleka kwenye mawe ya Mabatini kuteleza nayo.

Mimi nimepewa vifungo na matundu. Kola bado.

Alhamisi 26 Desemba

Pilau limepikwa jana, limeliwa, wapinzani wametulia. Leo tumerudi kazini nusu siku. Mtaani wababa wachache sana, giza limeingia, wengi wako visiwani, Krismasi yao wamekula kambini na redio. Mama mmoja kaja kuuliza kama ya mwanae iko tayari, nikamwambia bado, akasema hamna shida amekuja tu kuiona. Tukamwonyesha. Kaikunjua, kageuza ndani nje, kaangalia mishono, karudisha.

Jumapili 5 Januari 2025

Madaftari, penseli na vifutio tumepata kwa mjumbe mwenye stationari kwa bei ya jumla. Viatu hapana, hela haikufika. Pasi ya mkaa imeunguza mkono wa shati moja, likageuzwa la mikono mifupi zaidi.

Jumapili 12 Januari

Tumegawa. Tulibishana kuhusu hili pia maana kuna waliotaka turubai, spika na mgeni rasmi. Tumefanya hivi: kila mzazi kaambiwa saa yake, anakuja barazani kwa fundi na mtoto wake, mtoto anajaribu nyuma ya pazia, ikibana inarekebishwa pale pale, anafungiwa anaondoka, kama mteja yeyote. Hakuna picha ya mtoto. Picha zilizopo ni za vyerehani na za mwenyekiti kalala kwenye benchi.

Kesho mwezi ni mpevu tena, kwahiyo wababa wamerudi na ilikuwa raha kuwaona. Baba mmoja wa Igombe, mtu mkubwa mikono imepasuka kwa kamba, kapanda daladala mpaka huku na binti yake wa darasa la kwanza. "Mwangaluka," akasalimia baraza zima kwa Kisukuma, akakaa. Binti alipotoka na sketi yule baba akainama akashika pindo, akalipima kwa kidole, akamuuliza fundi hii ni ya kushusha eeh? Fundi akasema ndio baba, mwakani unashusha. Akatoa kwenye mfuko wa shati noti imelowa akasema ya uzi. Tukakataa. Akaiweka juu ya cherehani, akaweka mkasi juu yake isipeperuke, akamshika mwanae mkono wakaenda zao.

Ile noti mweka hazina kaiandika kabisa kwenye daftari, "uzi".

Jumapili 19 Januari

Tathmini. Bluu imeisha, nyeupe imebaki kipande kizuri tu. Walimu wanasema kuna watoto wengine wamejitokeza wiki ya kwanza hawakuwa kwenye orodha, wamehamia na wazazi kutoka Ukerewe, tutawashonea hicho kilichobaki, mashati tu, kaptula tutafute.

Mjadala mkubwa sasa ni tununue ovaloki yetu au tuendelee kukodi. Mweka hazina anasema kukodi kumekula karibu nusu ya hela ya dagaa na ana risiti. Upande wa pili ni mzee wetu, yeye anataka mwaka huu tuanze mambo ya macho, maana siku ya vipimo aliona watoto wawili wanasogeza uso mpaka karibu na daftari la majina, na ameshatukumbusha tena kwamba vilabu vya Lions, navyo vya kujitolea, vilianza 1917 na macho yakawa kazi yao kubwa tangu Helen Keller alipowasimamia kwenye mkutano wao 1925 akawaomba wawasaidie vipofu. Mi nimemwambia mzee wazo zuri, ila miwani hatuwezi kushona barazani, itabidi tuongee na watu wa hospitali kwanza. Akasema basi nipeni barua niende mwenyewe. Kapewa.

Ovaloki tunapiga kura Jumapili ijayo, na mwenye cherehani ya kuazima karudishiwa leo na imepakwa mafuta.