Maabara kwenye kishimo cha kidonge

Chupa ya silva naitreti, kemikali ya maabara, ndiyo iliyonitia aibu mimi mwalimu wa kemia. Niliitikisa asubuhi moja katikati ya muhula, haikulia. Kidato cha tatu wako 56, na hata nusu yao hawajapima ioni za kloraidi. Nikashuka kwa mhasibu na karatasi yangu ya maombi. Akaisoma, akainua miwani. "Madam, hii si ulinunuliwa muhula uliopita?"

Alikuwa na haki. Chupa ndogo ile bei yake ni ya kufunga mdomo, nami nilikuwa nikiimwaga kama maji ya mfereji.

Shule yetu ni ya kutwa, huku Eastlands, Nairobi, na maabara ni moja tunayogombania na watu wa fizikia na baiolojia. Kwa miaka mingi nilifundisha vile wengi wetu hufundisha: mimi mbele nafanya jaribio, safu ya kwanza wanaona, walio nyuma wanaona migongo. Halafu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inafika na karatasi ya tatu, ile ya vitendo, mtoto anashika bureti, ile neli ndefu yenye alama za kupimia, kama ameshikishwa nyoka.

Mafunzo sikuyakosa. Nilishaitwa CEMASTEA, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi pale Karen, nikafundishwa mtindo ule uliokuja na SMASSE, mradi wa Kenya na Japani ulioanza 1998: mwanafunzi atende mwenyewe, na kifaa kikikosekana ukibuni. Niliandika yote vizuri, nikafungia daftari kabatini. Kilichonizindua kilitokea wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu mmoja kutoka Kisii, mzee kidogo, alitoa mfukoni karatasi ya vidonge vya maumivu iliyokwisha, ile ya plastiki yenye vishimo. Alikuwa amebandua foili yote ya nyuma. Akakamua limau la kwenye sahani yake ndani ya kishimo kimoja, akanisukumia. "Mwalimu, hapa mimi nafanya majaribio kumi. Wewe unatumia neli ngapi?"

Usiku ule nilipiga hesabu. Mwanafunzi akitumia sentimita za ujazo 2 za silva naitreti ya molari 0.1 (kipimo cha ukolezi wake), darasa zima linameza 112, yaani karibu gramu 2 za chumvi yenyewe. Matone mawili kwa kila mmoja ni kama sentimita 5.6 tu. Gramu 2 zinashuka hadi sehemu ya kumi ya gramu! Na ule weupe wa silva kloraidi unaoonyesha kwamba kloraidi ipo, kwenye kishimo, ukiweka karatasi nyeusi chini, unaonekana kuliko kwenye neli.

Basi nikawaambia watoto walete karatasi za vidonge kutoka nyumbani, zimeoshwa. Wiki moja boksi likajaa. (Ukitaka kujua afya ya mtaa, angalia boksi lile.) Nikapita soko la City Park nikanunua kabichi moja ya zambarau, nikaikatakata, nikaichemsha, nikachuja. Maji yake huwa mekundu kwenye asidi na ya kijani kwenye besi. Tukapima siki, limau, sabuni ya unga, na magadi ya kupikia maharagwe, ambayo wengi hawakujua kwamba jina lake ni lile la ziwa lililo Kajiado.

Hapo ndipo kijana mmoja aliponifanyia kituko. Alikuja na dawa ya kung'arishia nguo kwenye kichupa. Tone la kwanza, kabichi likageuka kijani, kisha rangi ikafa kabisa. Akafurahi. Kabla sijafika mezani kwake, akadondosha la pili kwenye kishimo chenye siki. Nilisikia harufu kabla ya kuona chochote: klorini. Nikafungua madirisha, nikawatoa wote nje. Ilikuwa tone moja juu ya matone matatu ya siki, ikaisha kwa kikohozi kimoja. Ingekuwa bika mbili, leo ningekuwa naandika barua ya kujieleza. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha nyumbani kinachoingia maabara bila mimi kukikagua mlangoni, na somo la klorini nalifundisha nikianza na kisa chake, bila jina.

Taitresheni, yaani kupima asidi kwa kuiongezea besi kidogo kidogo hadi rangi igeuke, ilinisumbua zaidi. Nilinunua mabomba ya sindano ya mililita 2, majibu yakatawanyika kama mbuzi. Alama zake ni za 0.1, na sampuli yetu ilikuwa sentimita 1, kwa hiyo alama moja tu ni asilimia 10. Nikabadilisha nikachukua yale membamba ya mililita 1, yaliyogawanywa sehemu 100, nikamwomba muuza dawa abaki na sindano zenyewe. Asidi tuliiweka kwenye kifuniko cheupe cha chupa ya maji. Fenolfthalini, ile dawa ya kuonyesha rangi, ikigeuka waridi huwezi kuikosa. Hata hivyo tone moja likizidi jibu linapinda, na mtihani unataka bureti. Kwa hiyo vifuniko ni vya kuelewa, na bureti chache tulizo nazo ni za kuzoeza mkono, kwanza kwa maji matupu.

Sasa tuko walimu saba wa shule za jirani, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Makundi mengi ya walimu niliyowahi kuingia yaligeuka soko la mitihani ya majaribio, kwa hiyo hapa tulikubaliana mapema: usilete karatasi, leta jaribio lililokugomea. Mwezi uliopita mmoja alileta mabomba yaliyonata. Sodiamu haidroksaidi ilikuwa imekaukia ndani kwa sababu hakuna aliyeyasuuza. Tukahangaika nayo saa nzima, tukaokoa manne kati ya kumi na mawili.

Mhasibu sijamrudia. Chupa mpya ya silva naitreti iko nusu, na muhula unakaribia kuisha.